Wiki Mbili Kabla ya Msimu

Wendell Pruett alikuwa amelala chali chini ya mwaloni, kofia yake imekunjwa na kuwekwa chini ya kichwa kama mto, macho yamefumbwa. Shingo na shavu la kushoto vilikuwa vimetobolewa na marisau, zile chembe ndogo za risasi ya kuwindia. Mtu fulani alimpiga risasi, kisha mtu huyohuyo, au mwingine, akamlaza vizuri.

Inspekta Ione Maddox alipiga magoti kando ya maiti, akatazama ardhi. Majani makavu yalikuwa yamebonyea mahali pawili. Alama za magoti. Aliyepiga magoti pale alikaa muda, maana udongo ulikuwa umedidimia.

Aliyemkuta alikuwa Tolliver, afisa wa wanyamapori wa wilaya. Kila majira ya kuchipua, Wendell alijitolea kupanda kilima hiki alfajiri na kusikiliza madume ya bata mzinga wa mwitu yakilia, ili idara ijue wamebaki wangapi. Akimaliza alishuka mkahawani, akala mikate yake na mchuzi mzito wa soseji, akasimulia. Leo hakushuka.

Ione alimuuliza kama kuna mwindaji yeyote aliyeruhusiwa kuwa msituni siku hiyo. Tolliver akatikisa kichwa. Kwa kalenda ya zamani msimu ungekuwa umeshafunguliwa, lakini mwaka huu ulisogezwa mbele wiki mbili, na idadi ya madume ambayo mtu anaruhusiwa kuua ilishushwa kutoka mawili hadi moja.

"Na aliyepeleka hoja hiyo ni huyu," alisema Tolliver, akielekeza kidevu kwa marehemu. "Nusu ya wilaya ilimnunia."

Mkono wa Wendell ulikuwa bado umeshika kisanduku cha mti wa mwerezi, kile kinachosuguliwa kutoa mlio wa jike. Aliwaita madume ili yajibu, ayahesabu. Kando yake ilikuwa imedondoka leso nyekundu. Hatua kadhaa mbele yake, kichakani, askari wa eneo la tukio aliokota kikombe cha plastiki kinachobeba marisau ndani ya risasi. Tolliver alikigeuzageuza ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Hiki ni cha bunduki ya geji kumi," alisema. "Yenye mtutu mpana, ya kizamani. Siku hizi si wengi walio nayo."

Ganda la risasi halikuonekana. Lilikuwa limeokotwa.

Ione alianza na Clovis Rudd, kwa sababu kila mtu alimtaja. Clovis alikuwa na nyumba ya kupokea wawindaji wa mbali, na kwenye mkutano wa majira ya baridi wa kujadili hoja hiyo alisimama juu ya kiti akasema Wendell Pruett anastahili kulazwa kwa risasi. Ione mwenyewe alikuwepo. Alikumbuka jinsi Wendell alivyomjibu taratibu, bila kupandisha sauti. Alisema mnafungua mapema mno, mnaua madume makubwa kabla hayajamaliza kupanda majike. Jike asiyepandwa kwa wakati huchelewa kutaga au hatagi kabisa. Subirini majike yatulie kwenye viota, kisha chukueni dume, na moja linatosha. Alisema tangu kiangazi kile cha mvua nyingi anaona majike yakitembea bila kifaranga hata mmoja nyuma yao.

"Ulisema utamlaza," Ione alimwambia Clovis.

"Nilisema anastahili kulazwa. Na nilimwita mchungaji mnafiki. Mbona yeye yuko hai?"

"Jana na leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Mississippi, na wageni wangu. Kule msimu umefunguka, huku mmenifungia mlango. Nimeingia saa hii, matope bado yako kwenye gari."

Ione aliwapigia simu wale wageni mmoja baada ya mwingine. Clovis hakuwa amedanganya. Ione alipokuwa akitoka, Clovis alimfuata hadi barazani, kofia mkononi, sauti imepungua.

"Sikumpenda, mama, sitajifanya. Lakini nimewinda na yule mzee tangu sina ndevu. Unanisikiliza? Mimi nikikasirika napiga kelele, halafu nasubiri kama wengine. Ndege hawaendi popote. Aliyeingia msituni kabla ya msimu ni mtu asiyeweza kusubiri wiki mbili. Mtafute huyo."

Jioni daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Marisau yalikata mshipa mmoja mdogo, si ule mkubwa. Wendell hakufa palepale. Aliishi nusu saa, pengine zaidi.

"Angefikishwa hospitali?" aliuliza Ione.

"Angekuwa na nafasi. Nafasi nzuri, kwa kweli."

Ione aliweka simu chini. Mtu alipiga magoti pale, akamwekea kofia chini ya kichwa, akamtazama akikata roho. Ukatili haukai hivyo. Alimrudia Tolliver, akamwomba amtajie wenye bunduki za geji kumi. Tolliver akataja tatu. Moja iliuzwa nje ya jimbo, nyingine imetundikwa ukutani mwa benki, imeota kutu. Ya tatu Orville Haskett aliipata ujanani kama zawadi kwenye mashindano ya kulenga shabaha.

Orville Haskett. Kila Jumapili kanisani jina lake lilitajwa kwenye maombi ya wagonjwa. Madaktari walikuwa wameacha kumtibu, wanamtuliza maumivu tu. Hangefika mwisho wa mwezi. Mtu asiyeweza kusubiri wiki mbili.

Asubuhi Ione alipogonga mlango wa akina Haskett, Lyle, mwana wa Orville, alifungua. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu. Kitanda cha baba yake kiliwekwa sebuleni, karibu na dirisha. Mzee alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Ione, binti yangu," alisema Orville. "Umekuja na Wendell? Siku mbili simwoni. Huyu Lyle ananiambia ana mafua."

Ione alimtazama Lyle. Lyle akaangalia sakafu.

"Nimekuja kuzungumza na Lyle kwanza, mzee," alisema Ione. "Kisha nitakuja kwako. Sitakuficha kitu."

Waliingia jikoni. Juu ya mlango wa nyuma kulikuwa na misumari miwili ya kutundikia bunduki, na kati yake ubao ulikuwa mweupe kuliko pande zote. Ione alimsomea haki zake, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba anaweza kuomba wakili. Lyle akaitikia kwa kichwa.

"Bunduki ya baba yako iko wapi?"

"Bwawani."

"Nani aliitupa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Lyle aliegemea sinki.

"Kila mwaka tulikula dume la kwanza la msimu mezani hapa," alisema. "Tangu nizaliwe. Nikajiambia mara moja tu, dume moja, nani atajua. Baba alishike kwa mkono wake, ayaguse manyoya. Niliposikia jike analia nikajua dume liko karibu. Nikaona kitu kimeinuka nyuma ya kichaka, chekundu kama kichwa cha dume."

"Leso ya Wendell."

"Leso yake, ndiyo. Alikuwa anafuta uso." Aliinua macho kwenye ile misumari miwili. "Baba alinifundisha nikiwa mdogo, usipige rangi, piga ndege. Nikapiga rangi."

"Alikuwa hai ulipomfikia?"

"Ndiyo."

"Alikutambua?"

"Aliniita jina. Akasema, Lyle, panda juu kileleni upige simu, huku chini haishiki." Lyle alifuta uso kwa kiganja. "Nikainuka. Naapa niliinuka. Kisha nikafikiri, wakija watanichukua leo hii. Na baba atakufa mikononi mwa wageni. Nikarudi kukaa. Akaniambia tena niende. Mara ya tatu hakusema, akanitazama tu. Nikamwekea kofia chini ya kichwa."

"Ukakaa mpaka mwisho."

"Nilimshika mkono mpaka mwisho. Sijui kwa nini nakwambia hilo, halinisaidii."

"Halikusaidii," alisema Ione. "Risasi ile ningeweza kuiita ajali. Nusu saa ile siwezi kuiita ajali."

"Najua. Nilichagua, inspekta. Wendell au baba. Nikamchagua baba."

Kutoka sebuleni sauti ya Orville iliita, nyembamba lakini thabiti. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa mbao, na mlango haukuwa umefungwa.

"Mlete hapa."

Lyle aliingia akasimama miguuni pa kitanda. Ione alibaki mlangoni. Mzee hakulia. Alimtazama mwanawe kwa muda, kama mtu anayejaribu kusoma bila miwani.

"Ile hoja ya kusogeza msimu," alisema, "niliiandika na Wendell. Kwenye meza hiyohiyo ya jikoni. Nilikuwa nimeshaambiwa na daktari nina muda gani, na nilijua sitafika siku ya kufungua. Hukuniuliza, Lyle."

"Nilitaka ule tena. Mara moja."

"Sikuomba ndege. Niliomba ukae hapa na mimi." Alivuta pumzi, ikachelewa kuja. "Sisi wawili tulipokuwa vijana, milima hii haikuwa na bata mzinga hata mmoja. Waliwindwa mpaka wakaisha. Tuliwaleta kwenye masanduku, mimi na yeye, tukafungua milango tukawaangalia wakikimbilia miti. Umeua mtu aliyekupa kitu cha kuwinda."

Lyle alipiga magoti. Orville hakumgusa, wala hakugeuza uso.

Nje askari walikuwa wamesimamisha gari. Ione aliwaashiria wasubiri. Alimpigia simu mke wa mchungaji aje kukaa na mgonjwa, na mpaka mama yule alipofika hakumfunga Lyle pingu. Alipomfunga, alimfunga mbele, ili aweze kuinama. Lyle aliinama akaweka paji la uso kwenye blanketi, kisha akatoka bila kusukumwa.

Ione alirudi kuaga.

"Keti kidogo," alisema Orville.

Akaketi. Mzee alitazama mlango ambao mwanawe alipitia, kisha dirisha, upande wa kilima.

"Niambie, binti yangu," alisema. "Sina siku nyingi, na nguvu ni chache. Nianze kumlilia yupi?"