Unga Uliokunywa Unyevu

Walikutana Jumatatu, kwenye kaunta ya maabara ya kupima dawa, watu wamejazana na maboksi ya sampuli. Mpimaji, ambaye wenzake walimbandika jina la Mizani, alikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Mkemia wa kiwanda, shati la bluu na viatu vinavyong'aa, akamkanyaga.

"Samahani, dada. Nimekiua kidole?"

"Kizima. Kimekasirika tu."

Miezi mitano simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Chakula kitapitaje na wewe uko mbali?"

"Muongo wewe!"

Kisha vidonge vya watoto kutoka kiwandani kwake vikafika mezani pa Mizani. Cheti cha mkemia kilisema nguvu yake ni asilimia tisini na tisa. Mizani akapata themanini na saba. Akarudia mara tatu, haikubadilika.

"Umepika namba?" alimuuliza kwenye simu.

"Mimi? Kumbe hunijui!" Akakata.

Siku tisa hawakupigiana simu. Mizani alimpenda, na asingeolewa na mtu anayedanganya juu ya dawa ya mtoto. Lakini udadisi ulimkereketa: mtu huyu alikosea wapi? Siku ya kumi akajikaza kisabuni, akaenda kiwandani na kichupa cha unga rejea, unga safi wenye nguvu inayojulikana, ambao kila dawa hulinganishwa nao.

"Usinieleze kitu. Pima, nikuone."

Mkemia, amenuna, akatoa kichupa chake cha unga huo kwenye friza, akakifungua papo hapo.

"Ngoja! Hukiachi kwanza kipate joto la chumba?"

"Nani ana nusu saa ya kukitazama?"

Mizani akakiinua dirishani. Kioo kilikuwa na ukungu, unga umeshikana mabonge.

"Kila ukikifungua kikiwa baridi, unga unakunywa unyevu. Unga umedhoofika, ndiyo maana dawa yako ikilinganishwa nao inaonekana kali."

Wakapima kwa kichupa cha Mizani. Themanini na saba. Mkemia akashika tama.

"Mwaka mzima nafanya hivi. Watoto wangapi, jamani?"

Mizani akakifunika kichupa. Alitaka kuona atafanya nini.

Mkemia akavuta karatasi, akaandika: dawa zote za mwaka huu zirudishwe, kosa ni langu. Akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe kwa meneja. Aliporudi alikuwa amevua koti la kazi.

"Wamenisimamisha kazi."

Mizani akachukua simu, machozi yakimlengalenga.

"Mama, yule kijana niliyekwambia... Hapana, kazi hana. Ndiyo, nina hakika. Mwambie baba ni huyohuyo."