Kidole Kwenye Udongo

Soko la Nakawa lilikuwa na matope asubuhi ile, na watu hawapishani. Ruqaiya, fundi cherehani, alikuwa ameinua kitenge chake cha zambarau kisiguse chini, mkono mmoja umeshika chungu chenye mti mfupi uliopinda. Mkono wa mwanamume ukashika chungu hicho hicho upande wa pili.

"Nyabo, dada, mimi nilitangulia," akasema Nashon, Mkenya mrefu mwenye shati lililopigwa pasi kupita kiasi kwa soko lile.

"Ulitangulia wapi? Mkono yako bado iko na joto ya mfuko."

Muuzaji, Mzee Mumbere, akacheka. "Hii mti ya mutuba inaweza kuzika nyinyi wote. Lakini usimwagilie kwa saa. Ingiza kidole mpaka fundo ya kwanza. Ukisikia baridi, acha. Ukisikia kavu, hapo sasa mupe maji."

Ruqaiya ndiye aliyeununua. Kumbe wote wawili walifanya kazi jengo moja kule Ntinda. Yeye alishona juu, Nashon aliuza vigae chini. Mti ukawekwa kwenye dirisha la ngazi, na Nashon akapata sababu ya kupanda ngazi kila siku.

"Kidole kinasema nini leo, dia?"

"Kinasema tungoje mpaka kesho."

"Hicho kidole kivivu kama mwenyewe."

Walipendana, tena sana. Lakini Ruqaiya alikuwa Mnubi, binti wa watu wa msikitini, na mama yake Nashon aliimba kwaya kanisani kule Bungoma. Miezi ikapita, Ruqaiya akasema wazi.

"Baba anataka uje nyumbani na wazee wako. Amechoka kusikia jina yako kwa majirani."

"Wacha nimwambie mama kwanza."

"Ulisema hivyo Krismasi."

"Ruqa, usinisukume."

"Kale, sawa. Sikusukumi tena."

Wakanuniana wiki tatu nzima. Na hapo ndipo walipofanya upumbavu ambao hata kuusimulia leo kunaniuma. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake, kwa hasira, ameususa ule mti. Nashon akaumwagilia asubuhi kabla Ruqaiya hajafika. Ruqaiya akaumwagilia jioni Nashon akishafunga duka. Hakuna aliyekumbuka kuingiza kidole. Majani yalipogeuka manjano, kila mmoja alimlaumu mwenzake kimoyomoyo, akaongeza maji.

Alhamisi moja wakakutana pale dirishani, kila mtu na kikombe chake.

Nashon akazamisha kidole. Kilitoka na tope jeusi, linanuka.

"Umekuwa ukiumwagilia?"

"Kila jioni. Na wewe?"

"Kila asubuhi."

Wakacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, halafu Ruqaiya akajifunika uso kwa mtandio akaanza kulia. Nashon aling'oa mti taratibu. Mizizi yote ilikuwa imeoza.

"Jumapili naenda Bungoma," akasema haraka haraka. "Mama akikataa, akatae. Nitakuja kwa baba yako, na kama ni kusilimu, nitasilimu. Unanisikia, mpenzi?"

"Nashon, watu wa Abubaker walikuja kuniposa Ijumaa iliyopita."

"Abubaker gani?"

"Wa Bombo. Baba aliniita chumbani, akaniuliza kama kuna mtu mwingine wa kungojea. Nikamwomba anipe dakika kumi. Nikakupigia mara mbili."

"Niliona."

"Uliona, ukaacha simu inalia."

"Nilidhani bado una hasira. Nikasema nikuache kwanza upoe."

"Nilikuwa nimepoa. Nilitaka useme tu kwamba upo." Akapangusa macho. "Nikarudi nikamwambia baba hakuna mtu. Nikaha ni wiki ijayo."

"Mwambie ulikosea. Tafadhali, Ruqa."

"Baba ametoa neno mbele ya wazee wa Abubaker. Siwezi kumwaibisha."

Nashon alimshika mkono, wenye alama za sindano kwenye vidole, na Ruqaiya hakuutoa. Simu ya Ruqaiya ikaita mfukoni. Akaangalia jina, akafumba macho, akapokea kwa sauti ya adabu ambayo Nashon hakuwahi kuisikia.

"Waalaikum salaam, Abubaker. Niko kazini, hapa kwa ngazi. Sauti? Hapana, ni mafua tu." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mkono wake bado ulikuwa ndani ya mkono wa Nashon. "Hapana, hakuna mtu. Niko peke yangu."