Vitunguu vya Mama Katika Somo la Mikakati

Ijumaa jioni, steshenari iliyo karibu na chuo pale Mbeya ilikuwa imefurika wanafunzi wa masta ya biashara inayosomwa wikendi, watu wazima wenye vitambi na mvi za kwanza, wanagombea kudurufu kitini kimoja kama watoto wanaogombea ukoko. Yusta Kalinga alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la Iringa. Blauzi yake ya bluu, iliyonyooshwa vizuri asubuhi, ilikuwa imekunjamana kama karatasi ya maandazi. Viatu amevishika mkononi. Miguu imevimba, aibu ingesubiri.

"Dada, foleni inaanzia kule," sauti ilisema juu ya kichwa chake.

"Najua. Nimeegemea tu."

"Umeniegemea mimi."

Yusta akageuka. Mwanamume mrefu, shati la mikono mirefu, pumba za mpunga zimeganda kwenye kola. Uso umechoka, lakini unacheka.

"Samahani, kaka."

"Endelea tu. Naitwa Isakwisa, nasimamia kinu cha mpunga Ubaruku. Magunia nimeyazoea."

"Nani gunia?"

"Basi nusu gunia. Usinipige na hivyo viatu."

Kitini chenyewe kilikuwa cha Uhasibu wa Menejimenti. Walipofika dirishani wino ulikuwa umekwisha, ikabakia nakala moja, wakaichangia. Kuanzia hapo penzi lao lilifuata mtaala bila kuruka mada. Kwenye Uchumi wa Biashara walikaa benchi moja. Kwenye Takwimu wakaanza kupigiana simu mchana, wakati wa mapumziko ya kazi, mmoja yuko Iringa, mwingine Ubaruku. Ilipofika Menejimenti ya Masoko, Isakwisa alikuwa amekwisha kujiuza, na mnunuzi hakuwa na mpango wa kumrudisha dukani.

"Kamwene, mnyalu wangu," Isakwisa alimsalimu kwa Kihehe cha kwao Yusta. "Umekula?"

"Nimekula maneno ya bosi. Hebu nieleze hiyo regresheni ya Takwimu."

"Ni hivi: kadiri usivyopokea simu yangu, ndivyo ninavyokosea hesabu za kinu."

"Hiyo si regresheni, huo ni uzembe."

"Mpenzi, mwenye njaa ya kusikia sauti yako unamwita mzembe?"

Mara nyingine mmoja alisinzia katikati ya sentensi, kichwa juu ya meza ya ofisi, mwenzake akabaki anasikiliza pumzi zake mpaka salio likaisha. Kwa watu waliochoka kiasi kile, hayo ndiyo yalikuwa maua.

Katika simu mojawapo Yusta alimsimulia habari za mama yake, mkulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni. Baba alipofariki, dalali mmoja alitoa lori lake kubeba jeneza kutoka Iringa. Tangu siku hiyo mama alimuuzia yeye peke yake, kwa bei yoyote atakayotamka. "Anaona akibishana naye bei, anambishia marehemu," Yusta alisema, akalia. Hakuwa amemwambia mtu mwingine.

Mwaka wa pili likaja somo la Mikakati. Kila mwanafunzi achambue biashara moja iliyo hai mbele ya darasa: nguvu zake, udhaifu wake, fursa zake, tishio lake. Ulikuwa msimu wa mavuno, kinu hakizimwi, na Isakwisa alifika Jumamosi hajaandika hata mstari. Akafungua kompyuta akaandika alichokuwa nacho kichwani. Zamu yake ilipofika, ukutani kukatokea maneno: *Biashara ya Mama K., Ruaha Mbuyuni.*

"Udhaifu wa kwanza," alisoma, "mmiliki anauza kwa dalali mmoja, analipa fadhila ya jeneza."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Yusta alikusanya vitabu vyake, akatoka. Isakwisa akamkimbilia kwenye korido.

"Yusta, jina sikulitaja!"

"Umetaja jeneza."

"Nilikuwa nimechoka, mpenzi, sikuwa na kitu kingine..."

"Hata mimi nimechoka. Mbona sijawahi kukuuza?"

Ijumaa iliyofuata Yusta hakupanda basi la Mbeya, wala iliyofuatia. Isakwisa alipopiga, aliigeuza simu kifudifudi. Masta yenyewe akaanza kuiona kama mzigo wa mtu mwingine aliobebeshwa njiani. Akawa anafikiria kuitua tu.

Kisha mama akapiga.

"Yusta, kuna kijana hapa. Anasema ametoka Mbeya kuja kuniomba radhi. Mimi hata simjui."

"Mfukuze, mama."

"Nimfukuzeje? Amesimama juani na suti! Nimempa kisu akate majani ya vitunguu."

Yusta akateremka mlima Kitonga na basi la kwanza alilopata. Alimkuta chini ya turubai, koti amelitundika kwenye mti wa kibanda, machozi ya vitunguu yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Nimemweleza yote," Isakwisa alisema. "Hata kicheko cha darasa."

"Nami nimemuuliza," mama akadakia bila kuinua kichwa, "hao watu wa Mbeya wananunua vitunguu vyangu? Kasema hapana. Sasa alikuwa anawaambia ya nini?"

Yusta alimkazia macho Isakwisa. "Maksi ulipata nzuri, nadhani."

"A. Nimemwomba mwalimu aifute. Nitalirudia somo na wanaotufuata."

"Mwaka mzima? Na cheo ulichoahidiwa kazini?"

"Kitampata mwingine."

Yusta alitafuta hasira yake. Ilikuwepo, ila nayo ilikuwa hoi kama mwenyewe. Akaketi juu ya gunia, akamnyang'anya kisu.

"Shingo unazikata fupi mno. Vitaoza kabla havijafika sokoni."

"Nisamehe, Yusta."

"Narudi chuo Ijumaa. Si kwa ajili yako. Nina tasnifu yangu."

"Na mimi?"

"Wewe katafute mshenga. Mtu mzima, asiyejua mikakati."

Mama, aliyekuwa akijifanya hasikii, alijikongoja kwenda jikoni. Baada ya kitambo sauti yake ikatoka humo.

"We Yusta! Ugali nisonge wa watu wangapi?"

Isakwisa akamwinulia Yusta macho, kitunguu mkononi. Yusta akakata kimoja, akakata kingine, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Watatu, mama," akaitikia. "Songa wa watatu."