Kompyuta Iliyorudishwa Jumatatu

Mpimaji Lugano alikutwa amekufa sakafuni mwa maabara ya kupima maji, Uyole, saa tisa alasiri, kisogo kimepasuka. Kando yake ulilala mtungi mdogo wa gesi wenye damu. Mlango haukuvunjwa.

Inspekta Eveline alimgeukia Gerson, mkuu wa maabara.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana jioni, afande. Leo tangu alfajiri nilikuwa Ilula. Nimefika sasa hivi."

"Alikuwa anapima nini?"

"Sijui. Kompyuta yenyewe imeharibika. Si umeme huu, unakatika kila mara."

Koplo Asukile, mtaalamu wa kompyuta wa polisi, alikuwa ameshanakili diski yote. Mafaili ya matokeo yalikuwepo, lakini programu ya kuyafungua haikuwepo.

"Umeme haufuti programu moja ukaacha nyingine," alisema. "Hii imeondolewa leo saa saba mchana. Humu humu ndani, kwa neno la siri la mkuu."

Eveline hakumtazama Gerson. "Inarudi?"

"Kompyuta hujiwekea kumbukumbu ya siku ilipokuwa nzima. Nairudisha ilivyokuwa Jumatatu. Mafaili hayaguswi, programu ndiyo itarudi."

Kioo kikawa cheusi. Walisubiri. Nje ukungu ulikuwa unashuka, baridi kali, na Gerson alikuwa anatoka jasho.

Programu ikafunguka. Sampuli ya jana, kisima cha kijiji kimoja Chunya: sumu ya zebaki, mara thelathini ya kiwango kinachoruhusiwa. Cheti cha mwaka jana cha kisima hichohicho kilisema maji ni salama, saini ya Gerson. Vipimo vya cheti hicho havikuwepo popote.

"Hukupima," Eveline alisema.

Gerson alitazama mlangoni.

"Gerson. Hukupima."

"Mashine ilikuwa mbovu. Nikasaini tu." Akaketi kitini. "Dada yangu ameolewa kijiji kile. Aliniuliza, 'Kaka, tunywe?' Nikamwambia kunyweni, nimeyapima mwenyewe. Mwanaye tukamzika mwezi wa nane. Mpaka leo anasema ni mkono wa mtu."

"Na Lugano?"

"Kesho angesoma majibu mbele ya kijiji kizima. Dada angekuwepo. Nilimsihi, afande. Akanipa mgongo, ndipo nikampiga."

Eveline alitoa pingu, kisha akasita.

"Kisima kimefungwa?"

"Hapana."

"Dada yako anachota wapi?"

Gerson aliinamisha kichwa.

"Palepale. Na ni mjamzito."