Sauti ya Mama Chiriku Kwenye Ramani

"Umefika, mume wangu," ilisema simu, na dereva wa dobi akakanyaga breki mpaka mafurushi ya mashuka yakaporomoka nyuma ya gari.

Hakuwa amefika popote. Alikuwa anapeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, na mbele yake palikuwa na uzio wa seng'enge uliokatika, na ng'ambo ya uzio shimo la zamani la kuchimbia kokoto, limejaa maji ya mvua, meusi, yametulia tuli. Lakini si shimo lililomtoa jasho. Ni lile neno. Mkewe hakuwahi kulirekodi.

Programu ile ya ramani ilimruhusu mtu kuondoa sauti ya kiwandani na kuweka yake, sentensi moja moja. Mkewe, mwanamke wa maneno yule, alikaa kitandani Jumapili moja akazirekodi kwa mikogo yake yote. "Kata kushoto, na usijifanye hujanisikia." "Geuza gari ukipata nafasi, kichwa ngumu wewe." Kwenye "nenda moja kwa moja" anasikika akicheka, maana binti yao alikuwa anamtekenya kwapani. Ilipofika zamu ya "umefika", akagoma. "Hiyo nitakwambia mwenyewe mlangoni," alisema. Ndiyo maana mumewe akifika mahali, simu ililia kengele tu. Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta mwanamke huyo kaburini. Picha zake zilijaa ukutani, lakini picha haisemi, na yeye video alikuwa hazitaki, akidai zinamnenepesha.

Sasa mtu mzima yule akawa na mchezo wake. Akimaliza kazi anaweka safari ya kurudi nyumbani, halafu anapotea makusudi. Akiambiwa kulia anakata kushoto, ili tu aitwe kichwa ngumu. Jamani, mapenzi! Mafuta yanateketea, yeye anazunguka mitaa ileile, machozi yanamtiririka, anagombezwa na marehemu. Jioni moja, amesimama kwenye taa nyekundu, aliiinamia simu akasema, "Haya nimeshayasikia yote. Sema kingine basi. Chochote, nakuomba."

Kesho yake ndiyo akaambiwa amefika.

Angekuwa na akili zake, angeivurumisha simu ile mle shimoni. Alichofanya ni kuinama na kuibusu.

Binti yao alikuwa anaitwa Chiriku, na jina lilimkaa. Baba yake akimchukua shuleni mchana, mtoto alianza kuongea kabla mlango haujafungwa: nani kamwaga uji, mwalimu kavaa nini, kwa nini mbuzi hana meno ya juu. Dereva alikuwa anaitikia "eeh" na "kumbe" mpaka kituo cha mwisho. Kidogokidogo yale maneno yakapungua. Mtoto akawa anakaa kiti cha mbele, mikono mapajani, anaitazama simu. Chakula akawa anakigusagusa tu. Na gari, ambalo miaka yote lilinukia sabuni na pasi, likaanza kunuka maji yaliyotuama na majani yaliyooza.

"Mashuka yamerudishwa tena," alisema bosi wake, mama mwenye dobi, akimsukumia furushi. "Wateja wanasema yananuka tope. Hivi unayapitishia wapi, mwenzangu? Mtaroni?"

"Barabarani, bosi."

"Barabara gani hiyo yenye samaki?"

Wafua nguo wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Kicheko hakikufika mbali.

Ilikuwa alasiri, jua linawaka, aliposhusha mashuka kwenye hoteli moja akamwacha Chiriku garini, vioo vimeshushwa nusu. Alipokuwa anarudi akasikia mtoto anaongea. Moyo ukamruka kwa furaha, maana ilikuwa siku nyingi. Akanyata ili asimkatize. Akasikia:

"Na huko kuna baridi?"

"Ukizoea hakuna," ilijibu sauti ya mkewe, taratibu.

"Na Baba?"

"Baba yako anaijua njia. Wewe tangulia."

Kioo cha simu kilikuwa kimezimika, cheusi. Dereva akafungua mlango. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa chapa, matone yanamdondoka kwenye kola ya sare, na juu hapakuwa na wingu hata moja.

"Mama amesema kesho nisivae viatu," Chiriku alimnong'oneza.

Dereva akaketi kwenye usukani. Akaitoa simu kwenye kishikizo, akaizima, akaitupia nyuma kwenye mashuka, akawasha gari kwenda nyumbani, njia ambayo angeweza kuipita amefumba macho, duka la dawa, kituo cha mafuta, kona ya fundi viatu, kisha uzio wa seng'enge uliokatika. Akarudi nyuma kwa kasi, akajiambia ni hofu tu imemchanganya, akashika barabara kubwa akiwahesabu watu wa kweli kandokando, muuza maji, askari, mwanamke na mwavuli, akapita duka la dawa, akapita kituo cha mafuta, na huko nyuma, chini ya mashuka, ile simu iliyozimwa ikawa inamwelekeza kwa upole, kata kulia mume wangu, tena kulia, usiogope, naye anakata kushoto kwa nguvu zake zote na usukani unakwenda kushoto na gari linakwenda kushoto, lakini barabara yenyewe inamgeukia, mpaka yale maji meusi yakajaa kwenye kioo cha mbele, na akasikia mlango wa upande wa mtoto ukifunguka. Alimdaka Chiriku kwa kola. Miguu ilikuwa tayari nje, haina viatu.

Waliacha gari palepale, simu akaitia mfukoni. Alimbeba mwanawe mgongoni, wakaenda kwa miguu mpaka kwa mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyepanga chumba juu ya karakana ya mafundi cherehani. Mganga alimtazama mtoto, akainusa simu, akaiweka mbali kidogo na yeye.

"Ulimwita?"

"Nilimwita mke wangu."

"Ulisemaje? Nataka maneno yenyewe."

Akayasema. Mganga akafumba macho.

"Aliyekufa hana kingine cha kusema, baba. Wewe ukang'ang'ania kingine. Basi amekuja mwenye nacho."

"Jini?"

"Ulitaka nimwite mgeni? Jini, ndiyo. Wa kwenye maji yale. Ameingia kwenye sauti ya mkeo akajifungia ndani."

"Nitaivunja hii simu sasa hivi."

"Thubutu! Ukivunja, anaondoka na sauti, na usiku wowote atamwita huyu mtoto akiwa dirishani kwake. Ifute. Sentensi moja moja, kwa mkono wako, na kila moja uiambie: sikufuati."

Chini, cherehani zilikuwa zinakwaruza.

"Sina sauti yake nyingine," alisema dereva mwishowe. "Mama, hii ndiyo yote niliyonayo."

"Najua. Angekaa kwenye kitu usichokipenda, ungeshakitupa mwenyewe."

Mganga akachoma ubani, akamfungia mtoto katikati ya magoti yake. Programu ile ilikuwa haikubali kufuta sentensi kabla ya kuisikilizisha kwanza, sijui ni ustaarabu gani huo. Basi dereva akamsikiliza mkewe. "Kata kushoto, na usijifanye hujanisikia." Sikufuati. Akabonyeza. "Kata kulia." Sikufuati. Harufu ya tope ikapanda chumbani mpaka ikaumeza ubani. Chiriku akaanza kupiga kelele, "Baba unamuumiza! Baba, mwache Mama!", na kumng'ata mganga mkono, na mganga hakumwachia. "Geuza gari ukipata nafasi, kichwa ngumu wewe." Hapo mwanamume alilia kwa sauti kama mtoto mdogo. Akasema sikufuati, akabonyeza.

Ikabaki moja, ile ya kicheko. Nenda moja kwa moja, na mtekenyo, na kicheko kinachomkata maneno. Kabla hajabonyeza, simu ikasema polepole:

"Hiyo niachie. Yule ameshatoka, mume wangu. Nimebaki mimi. Mimi na mwanangu tunacheka, basi. Hata hiyo?"

Harufu ilikuwa imekatika kweli. Dereva akamgeukia mganga. "Ni yeye?"

Mganga alikuwa amevua miwani, anajifuta macho.

"Sijui, baba," alisema. "Siwezi kukudanganya. Sijui."

Dereva akamtazama Chiriku, nywele zimelowa, nyayo zimepauka na kukunjamana kama za mtu aliyeshinda majini.

"Nisamehe kama ni wewe," alisema. "Sikufuati."

Akabonyeza. Maji yakabubujika kutoka kwenye simu, yakatapakaa sakafuni, yakapenya kwenye nyufa za mbao, na kule chini fundi mmoja akatukana kwamba kitambaa cha mteja kimelowa.

Chiriku alilala siku nzima. Alipoamka akaomba chakula, akala, akaomba tena. Shuleni akarudia uchiriku wake, hata mwalimu akalalamika. Akaongea na bosi, na wafua nguo, na walinzi wa hoteli. Ila na baba yake hakutaka kuongea. Garini alikaa kiti cha nyuma, katikati ya mafurushi, na dereva, ambaye siku hizi anawauliza watu njia kwa mdomo, alikuwa anamtazama kwenye kioo cha ndani na kumshukuru Mungu kwamba amenuna, kwa sababu aliyenuna yupo hai.

Siku moja wako kwenye foleni, sauti ikatoka nyuma.

"Baba."

Moyo ukamlipuka. "Naam, mwanangu."

"Na wewe ukifa, nikufute?"

Alitaka kumwambia kwamba hatakufa. Alitaka kumwambia mengi.

"Ndiyo," alisema. "Ukinisikia nakuita, usiitike."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

"Hata ukisema ni wewe kweli?"

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, foleni imeshasogea.

"Hapo ndipo usiitike kabisa," alisema, akaingiza gia.