Alichokificha Teresia Miaka Sita

"Hukuwa na mwanamume mwingine, Teresia. Kwa nini ulinidanganya?"

Teresia aliondoa mguu kwenye cherehani. Komora alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha ushonaji pale Garsen. Walikuwa hawajaonana tangu Teresia amtumie ujumbe, miaka sita iliyopita: "Nimepata mwingine. Usinitafute."

"Nani kakwambia?"

"Dada yako Rebecca. Alisema ulikuwa mgonjwa, akakataa kuniambia zaidi."

Teresia akakumbuka kijijini Wenje, mafuriko yakishapungua, Komora akimbeba mgongoni kwenye tope la shamba la mpunga, akimwita "Kafupi kangu." Siku hizo Teresia aliupenda ufupi wake.

"Keti," alisema. "Unakumbuka nilienda hospitali Mombasa? Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sijawahi kuona hedhi. Wakapima damu. Kila seli ya mwili wa mtu huwa na kromosomu, zile nyuzi za urithi, arobaini na sita. Zangu ni arobaini na tano. Seli zilipokuwa zinagawanyika, kabla sijazaliwa, kromosomu moja ilipotea. Ndiyo maana nikawa mfupi. Na ndiyo maana siwezi kushika mimba."

"Kosa la nani?"

"Si la mama, si la baba. Hutokea tu."

Komora alisogeza kiti karibu naye.

"Kuna hatari yoyote kwako?"

"Moyo. Naupima kila mwaka. Mpaka sasa uko sawa."

"Na ukaamua kubeba haya peke yako."

"Ulitaka watoto wanne, Komora. Ulishawapa na majina."

"Nilikuwa kijana. Hata mbuzi ningewapa majina."

Teresia akacheka huku machozi yakimtoka.

"Sitakudanganya," Komora akasema. "Nilitaka watoto, na haya yameniuma. Lakini miaka hii sita nimekosa watoto na nimekukosa wewe. Aliyekuwa ananijia akilini kila siku ni wewe. Ungeniuliza."

"Niliogopa ungekubali kwa kunihurumia."

"Basi niulize leo."

Teresia akafuta machozi.

"Utanioa, nikiwa hivi?"

"Ndiyo. Na kliniki ya moyo tutaenda wote."

Walifunga ndoa mwezi wa nane, kanisani Wenje. Teresia alijishonea gauni mwenyewe. Shangazi mmoja aliposimama kuwaombea maharusi watoto wengi, mama yake Komora, aliyekwisha kuelezwa kila kitu, alimshika mkono taratibu.

"Waombee wazeeke pamoja," alisema. "Hilo latutosha."

Shangazi akaanza sala upya.