Springi Mbili za Gurudumu la Kulia

Kila asubuhi ya likizo ile ilianza na fagio. Saa moja na nusu mama mdogo alifungua mlango wa bati wa gereji yake, na watoto wawili wakaingia kazini bila kuambiwa. Mmoja alifagia sakafu ya saruji. Mwingine alihesabu spana zilizoning'inia ukutani, kila moja kwenye msumari wake, juu ya mchoro wa umbo lake. Mchoro ukionekana mtupu, spana ilikuwa imepotea, na hakuna aliyekunywa chai mpaka ipatikane.

Aliyefagia alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye ukoo mzima ulimwita Dakika. Jina hilo alijipatia mwenyewe. Kila alipotumwa alijibu, "Dakika moja tu," na kweli alirudi upesi, ingawa mara nyingine alirudi na chumvi badala ya sukari. Aliyehesabu spana alikuwa mtoto wa mama mdogo, mvulana wa umri uleule, aliyeitwa Kobe. Yeye alizihesabu mara mbili.

Katikati ya gereji, juu ya stendi nne za chuma, lilikaa gari la rangi ya maziwa lenye taa za mviringo na usukani mwembamba. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko mama mdogo. Mwenye gari alikuwa mkunga mstaafu, ambaye kwa miaka ishirini na sita alilitumia kwenda kuzalisha nyumba kwa nyumba. Alipostaafu aliliegesha chini ya kibanda, nalo likakaa humo miaka kumi na moja. Injini ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Kilichobaki ni kutu kwenye vitu vidogo vya breki za nyuma.

Jumatatu mama mdogo aliweka trei mbili mezani.

"Gurudumu la kulia ni lako, Dakika. La kushoto ni la Kobe. Visichanganyike hata nati moja."

Kisha akawaonyesha kazi. Bolti, nati na washa, zile pete bapa zake, ziliingia kwenye kopo la siki nyeupe, zikalala humo usiku mmoja. Asubuhi zingesuguliwa kwa brashi ya waya, zioshwe kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uishe, zikaushwe mara moja kwa kitambaa na jua, halafu zipakwe mafuta. "Ukiacha chuma kilichosafishwa kikiwa na maji," alisema, "ukirudi kutoka chooni utakikuta kimeanza kuwa cha rangi ya chungwa."

Kila trei ilikuwa pia na springi mbili, nene kama kidole gumba, zenye ndoano kila upande. Hizo alizitenga.

"Hizi hazigusi siki. Mnazisafisha kwa mkono, kwa brashi na mafuta ya taa, pingili kwa pingili."

"Kwa nini, mama mdogo?" aliuliza Dakika. "Siki si inakula kutu yote?"

"Nitawaeleza. Kwanza nitoke chini ya lori hili." Mama mdogo akajilaza kwenye ubao wake wa magurudumu, akateleza chini ya lori la mteja. Alipotoka, mteja mwingine alikuwa anamsubiri, na maelezo yale hayakutolewa.

Jumanne mkunga alikuja kuliona gari lake. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Shikamoo, bibi," watoto walisema pamoja.

"Marahaba. Nyote wawili nimewatoa mimi." Akamtazama Dakika. "Wewe wanakuita Dakika? Ajabu. Siku ya kuzaliwa ulimsubirisha mama yako siku mbili."

Kobe alicheka mpaka akaangusha washa. Mkunga akazunguka gari, akapiga honi iliyokuwa bado inalia kama bata mzee, kisha akatoa ahadi: "Jumamosi nalichukua. Atakayemaliza trei yake kwanza, na kazi ikakubaliwa na fundi, atakaa kiti cha mbele na atapiga honi."

Saa moja baadaye Dakika alikuwa ameng'arisha bolti zake zote. Springi ndizo zilizomshinda. Brashi iliruka, mafuta ya taa yalimwingia kwenye mchubuko wa kidole, na kutu ilijificha kati ya pingili ambako brashi haikufika vizuri. Alitazama upande wa pili wa meza. Kobe alikuwa amesafisha pingili tatu za springi ya kwanza, naye alikuwa anasugua ya nne huku akipiga mluzi.

"Ukifika mwisho tutakuwa tumefunga shule tena," Dakika alimwambia.

"Mimi siendi popote," alisema Kobe.

Kobe alipoingia ndani kunywa maji, Dakika alizitumbukiza springi zote mbili kwenye kopo la siki, akalifunika, akalisukuma nyuma ya matairi. Alijiambia kwamba kutu ni kutu.

Alizitoa Alhamisi mchana. Zilikuwa safi hata katikati ya pingili. Aliziosha kwa maji ya magadi, akazikausha, akazipaka mafuta, na zikang'aa kuliko kitu chochote mezani. Kobe alikuwa bado kwenye springi ya pili. Mama mdogo alizipeleka springi za Dakika dirishani, akapitisha ukucha juu yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi. Hata mimi nisingezifikisha hapa kwa siku mbili."

Dakika alitabasamu kidogo. Hakuulizwa alizisafisha vipi, na yeye hakusema.

Ijumaa asubuhi breki zilifungwa, magurudumu yakarudishwa, gari likashushwa chini. Wakati wa chakula cha mchana, wakiwa wameketi juu ya makreti, Kobe aliweka kijiko chini.

"Mama, siku ile ulisema utatueleza habari za springi na siki."

"Kweli, nilisahau. Siki ni asidi. Inakula kutu, na ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Hapo inatoka gesi iitwayo haidrojeni. Ndivyo vipovu mnavyoviona kwenye kopo. Nyingi inapanda juu, lakini kidogo inapenya ndani ya chuma. Bolti zile ni chuma laini, hazidhuriki. Springi ni chuma kigumu, na muda wote imevutwa. Haidrojeni ikiingia humo, springi haivumilii tena kuvutwa. Inakatika ghafla, kama tambi kavu."

"Ukiitazama, utajua?"

"Hutajua. Inaweza kung'aa kuliko zote."

Dakika aliacha kutafuna.

"Na ikikatika barabarani?" aliuliza Kobe.

"Ukikanyaga breki, viatu vya breki vinatanuka na kulibana gurudumu. Ukiachia, springi ndizo zinazovivuta virudi. Springi ikikatika, kiatu hakirudi, au kipande kinaingia kati na gurudumu linakwama. Gurudumu moja likikwama kwenye mteremko, gari linageuka upande."

Nyumba ya mkunga ilikuwa chini ya kilima cha barabara ya shule. Watoto wote walikijua kilima kile, kwa sababu mpira ukikuponyoka pale juu, ulikwenda kuuokota darajani.

Dakika alisema hana njaa tena. Alikwenda kusimama karibu na gurudumu la kulia. Halikuwa na tofauti yoyote na la kushoto. Aliwaza kwamba siku mbili si nyingi, kwamba aliziosha vizuri, kwamba pengine haidrojeni huingia kwenye springi nyingine tu. Aliwaza pia kwamba mkunga anakuja kesho, kwa hiyo anao usiku mzima wa kufikiri.

Mkunga alikuja saa tisa alasiri ileile, akiwa amebeba mkoba.

"Najua tulisema Jumamosi," alisema. "Lakini mzee haulizwi kwa nini hawezi kusubiri. Liko tayari?"

"Liko tayari," mama mdogo alijibu. Aliwasha injini kumsikilizisha. Ilinguruma taratibu, bila kukohoa. Mkunga alifungua mlango, akaweka mkoba kiti cha nyuma, akamwita Dakika aje kiti chake cha mbele.

Dakika alikwenda, lakini si kwenye mlango. Alisimama mbele ya gari, kati ya taa mbili.

"Mama mdogo, zima."

"Kuna nini?"

"Springi za kulia nilizitia kwenye siki."

Injini iliendelea kunguruma. Mama mdogo alimtazama.

"Muda gani?"

"Tangu Jumanne mchana mpaka Alhamisi mchana."

"Zote mbili?"

"Zote."

Mama mdogo hakugomba. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Kobe, leta jeki."

Kazi ilichukua nusu saa. Gurudumu lilitolewa, springi zikatolewa. Mama mdogo alibana ndoano moja ya kila springi kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, akavuta ndoano ya pili kwa waya mnene mpaka urefu ule ule zinaokuwa nao ndani ya gari kiatu kikitanuka, akaufunga waya kwenye mguu wa meza. Juu yake akatupa gunia, ili kitu kikiruka kisimpate mtu.

"Tunasubiri nini?" aliuliza mkunga.

"Jibu," alisema mama mdogo.

Mkunga alijivutia kiti. "Kusubiri ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

Dakika alisimama kando ya ukuta wa spana. Alitamani springi zisikatike, ili kosa lake liwe dogo. Halafu akafikiri kwamba zisipokatika hakuna atakayejua kama alikuwa na haki ya kusimamisha gari. Kobe alikuja kusimama karibu naye. Safari hii hakupiga mluzi.

Zilipita dakika arobaini. Chini ya gunia kitu kililia, *tak*, sauti kavu na fupi. Mama mdogo aliinua gunia. Springi moja ilikuwa vipande viwili, na mahali ilipokatika palikuwa pa kijivu, kama jiwe lililopasuliwa.

"Ni siki, au ni uzee wake?" aliuliza mkunga.

"Siwezi kuapa. Najua tu kwamba imekatikia hapa mezani, na haikukatikia kilimani."

Dakika aliketi juu ya tairi. Macho yake yalikuwa kwenye springi ya pili, iliyokuwa bado imevutwa.

"Ile nyingine ni nzima," alisema kwa sauti ndogo.

"Bado haijakatika," mama mdogo alimrekebisha. "Hiyo ndiyo ningeiogopa zaidi." Akaikata kwa koleo, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Kisha akachukua kutoka rafu ya juu springi mbili za gari kama lile, zenye kutu tele, akaziweka kwenye trei. Kando yake akaweka brashi na mafuta ya taa.

Jumamosi Dakika alianza kusugua saa mbili asubuhi. Kobe, ambaye hakuwa na kazi, alivuta kreti akaketi.

"Ukisugua kwa hasira brashi inaruka," alisema. "Igeuze springi, usiugeuze mkono."

"Umeanza ukobe wako."

"Ukobe ndio uliofungwa kwenye gurudumu la kushoto. Udakika wako uko pipani."

Dakika alitaka kukasirika, akacheka. Aligeuza springi badala ya mkono, na kweli brashi ilitulia. Alimaliza saa sita na robo. Safari hii mama mdogo alimuuliza, "Umezisafishaje?" naye akaeleza kila hatua, hata mahali pawili ambapo kutu ilikuwa imeacha shimo dogo. Mama mdogo aliyapima mashimo kwa ncha ya sindano kabla ya kukubali. Kisha akazivuta kwenye jiriwa kwa saa moja. Zilitulia.

Saa nane gari lilitoka gerejini. Mkunga aliendesha, Kobe akakaa kiti cha mbele, kwa sababu kazi ya siki haikuhesabiwa, na yake ndiyo iliyokubaliwa kwanza. Dakika na mama mdogo walikaa nyuma. Pale juu ya kilima mkunga alikanyaga breki mara moja kujaribu, akaachia, akakanyaga tena. Gari liliteremka limenyooka kama uzi, likasimama darajani bila kuyumba.

Mama mdogo alishuka, akachuchumaa, akaweka mgongo wa mkono karibu na gurudumu la kulia, kisha la kushoto.

"Joto sawa kwa sawa. Hakuna linalokwaruza." Akabaki amechuchumaa, akimtazama Dakika kupitia dirishani. "Sikiliza, mwanangu. Ulikatisha njia, ukapokea sifa za kazi ambayo hukuifanya. Hayo ni makosa mawili. Kisha ukasema, kabla gari halijatoka, na ulijua utapoteza kiti. Kosa nikiambiwa, nalipima na kulitengeneza, kama tulivyofanya jana. Nisipoambiwa, sijui hata nifungue gurudumu gani. Kwa hiyo ukikosea, sema mapema. Na mimi nilikuahidi sababu nikaisahau siku nne. Hilo ni langu. Siku nyingine niulize tena, hata nikiwa chini ya lori."

"Nitauliza, mama mdogo."

Mkunga alipangusa miwani yake. Kobe aligeuka nyuma.

"Njoo upige honi," alimwambia Dakika. "Mimi nimeshapiga tatu."

Dakika aliinama katikati ya viti, akanyoosha mkono. "Dakika moja tu," alisema.

"Dakika nzima ya honi?" alisema mkunga. "Utawatoa nje wote niliowazalisha mtaa huu."